Nina shilingi 120,000, wageni 9 na sigiri moja: nipike nini Jumamosi?

#1 Mpangaji_Kawempe
Habari za jioni wote. Jumamosi ijayo jioni nataka kuwaita nyumbani marafiki 9 niliosoma nao Makerere. Pamoja nami tunakuwa 10. Tangu tumalize masomo tunakutana kwenye mazishi na harusi tu, tunasalimiana tumesimama, kisha kila mtu anakimbilia teksi. Hilo limenichosha. Sasa nimepata chumba na sebule Kawempe, hapa Kampala, nina mkeka mkubwa, sigiri moja ya mkaa, jiko la gesi la moto mmoja na sufuria tatu. Shilingi 120,000 za Uganda ndizo za kila kitu, vinywaji vikiwemo.

Mwezi wa nane rafiki yetu mmoja alituita kwake. Alipika matoke, wali, posho (ugali), viazi vitamu, chapati, kuku, nyama, samaki na maharage. Kula tulikula. Lakini yeye mwenyewe tulimwona mara mbili: alipotufungulia mlango na alipotusindikiza. Baadaye nikasikia alibaki na deni dukani. Mimi nataka kukaa nao.

Wawili hawali nyama wala samaki. Sisi Waislamu ni wanne, Wasabato ni wawili. Nilifikiria pilau ya nyama, supu ya uyoga kwa wale wawili, na matunda. Mnaonaje? Na kwa nini kualika watu wachache kwetu lazima kumalize mshahara wa mtu?

#2 Nalongo_Mukono
Mwanangu, nianze na swali lako la mwisho. Kinachomaliza pesa ni wingi wa aina za chakula. Sisi Waganda tunagawa sahani sehemu mbili, emmere na enva. Emmere ni matoke, wali, viazi, muhogo, posho. Enva ni kitoweo, kile unacholia hiyo emmere. Mgeni akikuta emmere ya aina moja anahisi amepimiwa, ndiyo maana mwenye nyumba anapika sita. Kila aina inataka sufuria yake, mkaa wake na mtu wa kuiangalia. Rafiki yenu hakuwakimbia, alikuwa analinda sufuria tisa.

Pika emmere mbili na enva mbili, ongeza mboga moja ya majani, umemaliza. Moja kati ya hizo mbili iwe matoke. Yakishafungwa kwenye majani ya mgomba na kuiva, unayaponda na kuyarudisha kwenye sufuria, moto unaupunguza, na yanakusubiri saa mbili, saa tatu bila kuharibika. Wali haukusubiri hivyo. Chapati nayo inakauka.

#3 Fundi_Hesabu_Jinja
Nalongo, kwa heshima, napinga. Ni nyama. Kwa bei ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe mimi huku napata kilo tatu mpaka nne za maharage, na kilo moja ya maharage makavu inashibisha watu 10 ukiweka na wali. Emmere sita za muhogo na viazi haziwezi kufikia bei ya kuku wawili na kilo tatu za nyama.

Hesabu yangu ya watu 10 ni hii. Mchele kilo 1 kama kuna emmere nyingine pembeni, kilo 1 na nusu kama uko peke yake. Karanga za kusaga nusu kilo. Nyama yenye mifupa kilo 2 kama ndiyo enva kuu, kilo 1 kama inaingia kwenye pilau. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo ndipo upunguze moto. Ukiloweka unaokoa mkaa mwingi.

#4 Mvita_Kampala
Dada, pilau ni chaguo zuri, nakusihi tu usipike ile ninayopewa kwenye sherehe hapa Kampala, wali uliopakwa rangi ya kahawia. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu. Kaanga vitunguu vinne vikubwa mpaka vikaribie kuungua, tia tangawizi na kitunguu saumu, kisha bizari ya pilau, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Nyama ichemshwe kando na supu yake ndiyo uipikie mchele. Ikikauka, funika, weka mkaa juu ya kifuniko na chini uache makaa machache. Nusu saa hutaigusa.

Kwa wasiokula nyama toa nyama, weka viazi. Nao wapate pilau yao, wasile kachumbari peke yake.

#5 Mpangaji_Kawempe
Asanteni. Mvita, mimi ni mwanamume, ila nimepokea somo lote.

#6 Mjukuu_wa_Butiko
Kaka, kabla hujanunua uyoga uliza koo za wageni wako. Mimi ni wa ukoo wa Butiko na uyoga ndio muziro wetu, yaani mwiko wa ukoo, hatuuli. Watu wa Mpindi hawali kunde, wa Ndiga hawali kondoo, wa Nsenene hawali senene, wale panzi wa kuliwa. Niliwahi kuwekewa supu ya uyoga kwenye nyumba ya watu wema sana. Nikaona aibu kusema, nikashika kijiko mpaka ikapoa. Mama mwenye nyumba alidhani mapishi yake ni mabaya. Sote wawili tuliumia kwa sababu ya swali ambalo halikuulizwa.

#7 Kijana_Ntinda
Butiko, hayo mambo vijana wa Kampala wanayafuata bado? Nina rafiki wa Nsenene anakula senene kila Novemba.

#8 Mjukuu_wa_Butiko
Wapo wanaokula, wapo wasiokula. Ndiyo maana nimesema aulize. Ujumbe wa simu haugharimu kitu.

#9 Wa_Stendi_Wandegeya
Wazee mmeenda mbali. Kama kweli hataki kushinda jikoni, amwite mtu wa rolex, yaani mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa kwenye chapati. Nazungumza kwa vitendo. Mwaka jana nilimwita kijana wa chapati wa mtaani kwetu aje na sigiri na kikaango chake, akakaa uani kuanzia saa moja mpaka saa tatu usiku. Nilimnunulia unga kilo 3, mafuta na trei moja ya mayai, nikampa na ujira wake. Mimi nilikata nyanya, vitunguu, kabichi na pilipili hoho. Kila mgeni alienda mwenyewe kuagiza, mmoja mayai mawili, mwingine matatu, asiyekula mayai akawekewa maharage kwenye chapati, yaani kikomando. Watu walisimama karibu na moto wakipiga soga. Mpaka leo wananikumbusha.

#10 Nalongo_Mukono
Mwanangu wa Wandegeya, rolex ni kifungua kinywa cha wanafunzi. Mtu avuke mji kutoka Mukono, apande teksi mbili, umpe anachokula kila asubuhi barabarani?

#11 Wa_Stendi_Wandegeya
Nyabo, hiyo barabarani anaila peke yake akiwa na haraka. Kwangu aliila na watu.

#12 Fundi_Hesabu_Jinja
Namuunga mkono #9 kwa upande wa pesa, ila trei moja ni mayai 30, na watu 10 wakila mawili mawili halafu nusu yao wakarudia, trei inakwisha. Hakuna akiba. Chukua moja na nusu.

#13 Mnubi_Bombo
Salaam kwenu. Mnabishana emmere na nyama, hakuna aliyegusa vinywaji. Mimi nasema pesa inaishia pale. Watu kumi, soda mbili mbili, na maji ya chupa, tayari umenunua kuku. Hapa Bombo tunatengeneza vya nyumbani. Ukwaju ulowekwe asubuhi, uchujwe, utiwe sukari. Au munanansi: osha nanasi vizuri kabla ya kulimenya, maganda na kiini vichemshwe na tangawizi iliyopondwa na majani ya chai kidogo, chuja, tia sukari, acha ipoe. Nanasi lenyewe unalikata kuwa tunda la baada ya chakula. Nanasi moja limefanya kazi mbili.

Wewe Mwislamu mwenzangu, itengeneze siku hiyohiyo. Ikikaa siku mbili tatu kwenye joto inaanza kuchachuka.

#14 Msabato_Kasese
Kwenye munanansi toa majani ya chai, kaka, kama Wasabato wako ni kama sisi wa nyumbani kwetu. Wengi wetu hatunywi chai yenye majani wala kahawa. Tangawizi peke yake inatosha, na rangi utaipata kwenye maganda. Muda umeuchagua vizuri: Sabato inakwisha jua likizama Jumamosi, watakuja na mioyo myepesi. Usiwaombe tu wapitie sokoni mchana huo wakuletee kitu.

#15 Mpangaji_Kawempe
Msabato, ubarikiwe, nilikuwa nataka kumtuma mmoja wao soko la Kalerwe saa nane mchana.

Nimeuliza koo. Mmoja wa wasiokula nyama ni wa Butiko! #6, umeniokoa kweli. Supu ya uyoga nimeifuta.

#16 Nalongo_Mukono
Umeona? Sasa nisikilize. Fanya luwombo, kitoweo kinachofungwa na kupikwa ndani ya jani la mgomba. Watu wanaiogopa wakidhani ni ya harusi, kumbe kwa mwenye pesa kidogo ndiyo chakula chenye adabu kuliko vyote, kwa sababu kila mgeni anapata fungu lake. Kuku mmoja wa kilo moja na nusu unamkata vipande 8, kipande kimoja kila jani, juu yake karanga zilizokorogwa na maji, kitunguu, nyanya, chumvi. Hakuna atakayechukua vipande vitatu halafu wa mwisho akute mchuzi. Wale wawili unawafungia karanga na ntula (nyanya chungu), wanafungua jani lao kama wenzao. Hawajioni wametengwa.

Jani lipitishe kwenye moto mpaka lilainike na kung'aa, lisipasuke ukilikunja. Chonga uti wa nyuma uwe mwembamba. Chini ya sufuria panga vipande vya uti wa majani, tia maji yasifike juu ya vipande hivyo, weka fungu la matoke, na mafungu ya luwombo juu yake. Funika kwa majani mengine. Sufuria moja, sigiri moja, saa tatu. Kila nusu saa angalia maji. Ukianza saa tisa alasiri, saa moja jioni umeshaoga na uko kwenye mkeka.

#17 Kijana_Ntinda
Nalongo, hiyo luwombo si ndiyo iliyobuniwa na mpishi wa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda?

#18 Mjukuu_wa_Butiko
Simulizi inayojulikana inamtaja Kabaka Mwanga, mwaka 1887, na mpishi wake anaitwa Kawuuta.

#19 Mwalimu_Mstaafu_Masaka
Niongeze kidogo. Kawuuta ni cheo cha mkuu wa jiko la Kabaka, kama ilivyo Katikkiro kwa waziri mkuu. Kwa hiyo simulizi inaposema "Kawuuta alibuni" inataja kiti, na kiti kilikaliwa na wengi. Na kupika ndani ya majani ya mgomba sidhani kulianza siku moja mwaka mmoja. Bibi zetu walifunga kila kitu kwenye majani. Inawezekana ikulu iliipa jina na heshima tu.

#20 Mama_Haniya_Kisenyi
Samahani, naingia kwa pembeni. Binyebwa yangu, yaani mchuzi wa karanga, hukatika. Mafuta juu, maji katikati, chenga chini. Dada yangu anatumia karanga za duka lilelile na yake inakuwa laini kama maziwa. Kosa liko wapi?

#21 Fundi_Hesabu_Jinja
Moto mkali. Karanga zinataka moto mdogo na mwiko usiosimama.

#22 Mnubi_Bombo
Mimi naona ni maji. Ukimimina karanga kwenye maji yanayochemka zinafanya mabonge. Koroga kwanza na maji ya uvuguvugu kwenye bakuli mpaka ziwe uji, ndipo upeleke motoni.

#23 Mvita_Kampala
Ni nyanya. Asidi ya nyanya mbichi ikiingia mapema inaikata, kama inavyolikata tui. Pika nyanya kando mpaka ziive kabisa, uziongeze mwishoni.

#24 Nalongo_Mukono
Chumvi ikitiwa mapema. Mama yangu alitupiga mikono kwa hilo. Na Mama Haniya, mafuta yakipanda juu si kuharibika, ndiyo dalili kwamba binyebwa imeiva. Usiitoe kabla hayajapanda.

#25 Mama_Haniya_Kisenyi
Sasa mmenipa sababu nne na dada yangu anatia chumvi mapema, nyanya mbichi, moto mkali. Na yake haikatiki!

#26 Mwalimu_Mstaafu_Masaka
Basi angalia karanga zenyewe. Zile zinazouzwa zimesagwa tayari wakati mwingine huchanganywa na unga wa mahindi au muhogo, na mchanganyiko wa fungu hili si wa fungu lile. Nunua nzima, zichague, kaanga kidogo, peleka mashine ukiwa umesimama pale.

#27 Kijana_Ntinda
Kuchagua kunasaidia nini? Zenye ukungu si zinakufa kwenye moto?

#28 Mwalimu_Mstaafu_Masaka
Ukungu unakufa, sumu yake inabaki. Inaitwa aflatoksini na kuchemsha kwa kawaida hakuiondoi. Inadhuru ini. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu itupwe, hata ikiwa umebakiwa na robo tu. Katika hili naomba tusiangalie bei.

#29 Shangazi_Mbale
Nimesoma wote. Mbona hakuna anayesema wageni wachangie? Kwetu Mbale mmoja huja na malewa, yale machipukizi ya mianzi, mwingine anakuja na ndizi, mwingine na sukari. Ni watu waliosoma pamoja, si wakwe.

#30 Mvita_Kampala
Shangazi, mimi naona aibu. Umeniita, halafu unanituma sokoni?

#31 Shangazi_Mbale
Mwanangu, mtu akija mikono mitupu kwa rafiki ndiye anayeona aibu. Ukimwambia alete nanasi umempumzisha, hatabaki dukani anajiuliza abebe nini. Kumwomba pesa ni jambo jingine, hilo hata mimi silitaki.

#32 Mpangaji_Kawempe
Nimepita Kalerwe leo asubuhi na mapema, na nimeamua. Nafanya ya Nalongo. Mkungu wa matoke wa wastani 25,000. Kuku nimemwagiza kwa mchinjaji Mwislamu, 22,000, atakatwa vipande 8. Majani ya mgomba 4,000. Karanga nzima nusu kilo 4,500 pamoja na kusaga, nimezichagua moja moja. Mchele kilo moja wa Kibimba 5,000, naupika kwenye gesi dakika za mwisho. Mboga ya majani ya nakati, ntula, nyanya na vitunguu 10,000. Parachichi 5,000, mananasi matatu 9,000, sukari na tangawizi 5,000, mkaa 5,000, boda 8,000. Inakuja 102,500. Zinazobaki nazificha kwa dharura. Rolex imebaki moyoni, itakuwa ya mara ijayo.

Michango sijamwomba mtu, ila aliyeuliza "nilete nini" nimemwambia ndizi, kama alivyosema Shangazi.

#33 Wa_Stendi_Wandegeya
Mara ijayo usisahau. Kijana wangu wa chapati bado yupo.

#34 Mnubi_Bombo
Mpe mgeni mchele na panzi, ndivyo Waswahili walivyosema. Na sasa ni Novemba, bakuli la senene la kuanzia lingependeza wakisubiri chakula. Mradi hakuna wa ukoo wa Nsenene.

#35 Mvita_Kampala
Panzi ya kwenye msemo huo si mdudu! Bibi yangu wa Mvita alituambia ni ya nazi, maana yake mpe mgeni wali wa nazi.

#36 Mnubi_Bombo
Na babu yangu alituambia ni mdudu, akala senene zake na wali mbele yetu. Nitamwamini nani?

#37 Mwalimu_Mstaafu_Masaka
Huku Masaka tunakozitega kwa mabati na taa kali, kila mtu atakuwa upande wa babu yako.

#38 Mpangaji_Kawempe
Nimerudi, Jumapili saa nne asubuhi. Walikuja 9, aliongezeka mmoja na mtoto, chakula kikatosha. Niliinuka mara mbili tu, kuongeza maji kwenye sufuria na kupika wali. Matoke yaliisha, wali ulibaki nusu, kwa hiyo Nalongo alikuwa sahihi na kilo ya Fundi ilizidi. Munanansi iliisha saa mbili na nusu, nikaagiza soda kwa zile pesa za dharura. Nakati zilisifiwa kuliko kuku. Yule wa Butiko alipofungua jani akauliza, "Hakuna uyoga?" Nikamwambia nilijua. Alinyamaza kidogo, kisha akanishika mkono.

Tulikaa mpaka saa sita usiku. Kuna mmoja alifiwa na mama yake mwaka jana na sote tulikuwa mazishini, lakini jana ndipo alipotusimulia siku zile zilivyokuwa. Sikutegemea. Asanteni sana wote.

Ila Mama Haniya, swali lako limenifuata nyumbani. Karanga zilezile, bakuli lilelile, chumvi ileile, nyanya zimepikwa kando. Mafungu manane yalitoka laini kama maziwa. Mawili yalikatika.

#39 Fundi_Hesabu_Jinja
Yalikaa chini ya sufuria, karibu na moto. Si nilisema?

#40 Nalongo_Mukono
Hapana, yalikaa juu, mvuke haukuyafikia vizuri. Mwanangu, unakumbuka yalikuwa wapi?

#41 Mpangaji_Kawempe
Nakumbuka, kwa sababu ni ya wale wawili wasiokula nyama na niliyafunga kwa kamba nyeusi. Moja lilikuwa juu kabisa. Jingine lilikuwa chini kabisa.

#42 Mama_Haniya_Kisenyi
Ntula! Ni ntula?